Gari la Amana

Mnada ninaoujua mimi ni wa mbuzi na wa mbao. Mtu anapanda juu ya kiti, anapiga kelele, watu wanapandishiana bei, na mwisho mbuzi anakwenda na yule mwenye kiburi zaidi. Sikujua kwamba huko Ulaya magari mazee nayo yana mnada wake, tena yanapigwa picha kila upande na kuandikiwa historia, nasaba na sifa kama bibi harusi. Nilikuja kujua Jumatatu moja ya mwaka huu, sokoni Kasongo, mkono wangu ukiwa ndani ya gunia la mchele.

Binti yangu anayesomea uuguzi Kindu alikuwa amenitumia picha kwenye simu. Kuna kikundi cha wana Kasongo waliotawanyika dunia nzima, wanatumiana habari za harusi na misiba, na mmoja wao aliyeko Ulaya ndiye aliyeiweka. Binti yangu aliandika chini yake: "Mama, hii haiko ile gari ya amana?"

Nilipangusa mkono kwenye kitenge nikaangalia. Lilikuwa lenyewe. Gari dogo la mbio, kazi ya Waingereza, rangi ya kijani, viti viwili tu, limekaa chini hata aliye ndani kichwa chake kinafika kiunoni mwa mpita njia. Usukani upande wa kulia, magurudumu ya nyaya kama ya baiskeli, na mkanda wa ngozi uliofunga boneti. Ningelijua hata kwa kulipapasa nikiwa nimefumba macho, kwa sababu kwa miaka mingi mikono iliyolipangusa kila Ijumaa ilikuwa hii yangu.

Kitu cha kwanza kilichonikasirisha ni vumbi. Pichani gari lilikuwa limejaa vumbi, majani makavu kwenye viti, utando wa buibui kwenye usukani. Nikampigia binti yangu papo hapo kumuuliza vumbi lile limetoka wapi. Akacheka kidogo, akasema amesoma kwamba wanunuzi wa huko wanapenda gari lililosahauliwa, vumbi linaongeza bei. Kama ni hivyo wangeniambia, ningewauzia na vumbi, ninalo la kutosha. Siku gari lile lilipotoka kwetu lilikuwa safi kuliko watoto wangu siku ya Idi.

Lakini nikieleza hivi hamtanielewa. Lazima nirudi nyuma.

Babu yangu mzaa baba alikuwa dereva na fundi wa mfanyabiashara mmoja mzungu aliyenunua pamba na mchele hapa Kasongo. Mzungu yule alipenda mwendo kasi katika nchi isiyo na barabara. Aliliagiza gari kutoka upande wa Waingereza, ng'ambo ya ziwa. Likavushwa kwa meli, likapanda treni, likashushwa kwenye kituo cha Samba, likavuka mto Lualaba juu ya feri huku watu wamejaa ukingoni kulitazama. Kazi yake yote ilikuwa kutoka dukani kwake hadi mtoni na kurudi, siku ya Jumapili, babu akiwa pembeni na sanduku la vyuma. Watu walikuwa wakiliita bata, kwa jinsi lilivyotembea tumbo chini.

Miaka michache baada ya uhuru ukaja uasi, na wazungu wakaondoka kwa siku moja. Asubuhi ile bwana yule aliliingiza gari uani kwa babu, akamtia mkononi ufunguo na bahasha iliyofungwa, akakimbilia lori lililokuwa limeshaanza kutembea. Hawakupata hata nafasi ya kuagana. Juu ya bahasha hakukuandikwa kitu.

Sisi Waislamu wa mjini Kasongo tuna mambo yetu. Tunapenda biashara, tunapenda ubishi, na hatukosi mtu wa kumsengenya baada ya sala. Lakini amana ni amana. Kitu alichokuachia mtu hukitumii, hukiazimishi, hukiuzi. Akikuachia mbuzi, hata watoto wa mbuzi ni wake. Akikuachia sanduku, unalipangusa vumbi na hujui lina nini mpaka siku ya kufa kwako. Na bahasha iliyofungwa ni hivyo hivyo. Babu alijua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, Kifaransa hakukijua kukisoma, lakini hata angelikijua asingeifungua. Kwetu mwenye kufungua barua ya amana ni mwizi, hata kama hakuchukua kitu. Babu hakuona haja ya kuuliza mzungu amesema nini ndani. Mtu amekimbia, ameacha mali yake kwako, basi ni amana, wewe ungefikiri nini?

Alilijengea gari chumba chake uani. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alilipangusa, akalisukuma kiasi cha shubiri moja mbele au nyuma ili magurudumu yasioze upande mmoja. Ufunguo na bahasha vilikaa ndani ya kopo la bati, na kopo likakaa juu ya kabati. Babu alikufa akimngoja mwenyewe. Kopo likahamia juu ya kabati la baba.

Wakati wa vita baba aliuziba mlango wa chumba kile kwa matofali, akaukandika udongo, akapitisha majivu juu yake ili uonekane mzee. Askari wa kila namna walipita, walikula kuku wetu wote, wakaegemeza migongo yao kwenye ukuta ule wakivuta sigara, na hakuna aliyejua kwamba nyuma ya matofali kuna gari. Baba alilinda watoto wake na lile gari, na kuna siku sikuwa na hakika analinda lipi kwanza. Utulivu uliporudi tuliubomoa ukuta, tukalikuta zima, mchwa wamekula turubai tu. Miaka michache baadaye baba naye akafa, na Ijumaa zikawa zangu.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo hasa linalonifanya niandike.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, darasa la tatu la sekondari kwa masista. Nilikuwa wa kwanza darasani. Nalisema mwenyewe kwa sababu hakuna aliyebaki wa kulisema. Kifaransa changu kilikuwa kizuri hata mwalimu akawa ananipa madaftari ya wadogo nimsahihishie. Nilitaka kuwa mwalimu wa Kifaransa, na sikutaka kitu kingine chochote. Mdogo wangu, wa tumbo moja, mvulana niliyembeba mgongoni mpaka akanizidi uzito, alikuwa na miaka kumi na minne na ndiyo kwanza alikuwa ameingia darasa la kwanza la sekondari. Tulikuwa wawili tu. Biashara ya pamba ilikuwa imekufa, na baba akawa hana minervali, yaani karo ya shule, ila ya mtoto mmoja.

Jioni moja, tukiwa tumeketi kwenye mkeka tunangojea chakula, alituambia. Hakuwa mtu wa kuzunguka. Mvulana ataendelea, mimi nitabaki nyumbani.

Nikamwambia auze gari. Nilisema bila kupepesa macho, na mama akaacha kukoroga bukari, ugali wetu.

"Ile gari haiko yetu," baba akasema. "Kama tunauzisha kitu ya mutu, siku anarudi tutamujibu nini?"

"Hatarudi, baba. Amekufa, pengine."

"Atarudi mutoto wake. Ao mujukuu wake. Amana haikufaka na mutu."

Nilimwona machozi, na baba hakuwa mtu wa machozi. Kama gari lingekuwa lake angeliuza asubuhi yake, hilo nalijua, naliapia. Alinipenda. Lakini halikuwa lake, na hapo ndipo mazungumzo yalipokwisha. Kiangazi kilichofuata niliolewa na mfanyabiashara wa mchele, mtu mwema, Mungu amrehemu, sina neno juu yake.

Mwaka mzima nililichukia gari lile. Nilikuwa nikija kwa baba napita mbali nalo. Halafu, sijui ilikuwaje, chuki ikageuka. Nilianza kuona kwamba gari lile ndilo sababu yangu. Mwenzangu aliacha shule kwa mimba, mwingine kwa umaskini, mimi niliacha kwa sababu nyumba yetu haili mali ya mtu. Hilo niliweza kulisema nikiwa nimeinua kichwa. Ndiyo maana baba alipokufa sikungoja kuombwa, nilichukua kitambaa mwenyewe.

Mdogo wangu yeye alisoma, akamaliza, akawa mwalimu, halafu prefe, mkuu wa sekondari moja huko Kabambare. Alioa huko, akajenga huko. Kuja kwetu ilikuwa kwa nadra, na kila mara alikuwa na haraka.

Kiangazi cha mwaka juzi alikuja bila kutangaza, akiwa na mzungu mmoja mwembamba mwenye kofia. Akanivuta pembeni.

"Dada," akasema, "mwenyewe wa amana amekuja. Huyu ni mujukuu wake."

Niliketi chini pale pale uani. Miaka yote ile, babu, baba, halafu mimi, na leo mtu amekuja.

Niliomba siku mbili. Nililiosha gari kwa maji ya moto, nikasugua nyaya za magurudumu moja moja, nikapaka viti vya ngozi mafuta ya mawese niliyoyachuja mara tatu ili yasiache wekundu. Niliwaita wazee wawili wa msikiti wawe mashahidi, kwa sababu amana hairudishwi kimya kimya. Nilipika wali na kuku wawili. Mdogo wangu alisoma aya ya kurudisha amana kwa wenyewe, na sauti yake ilitetemeka. Nikasema moyoni, kumbe huyu mtoto bado ana imani.

Kisha nikaleta kopo. Nilimpa mzungu ufunguo, nikampa bahasha kwa mikono miwili. Mdomo wa bahasha ulikuwa umetafunwa na mende, matundu matundu, nami nikaona haya, nikaomba radhi kwa hilo. Mzungu akaifungua, akasoma, akamtazama mdogo wangu, akaitia ndani ya mkoba wake. Sikuuliza imeandikwa nini. Barua ya mtu ni ya mtu.

Alitaka kunipa kitu mkononi nikakataa mbele ya wote, na wazee wakanisifu. Lori lililokuwa limeleta sukari likaondoka na gari kwenda Kindu, limefungwa kamba na kufunikwa mikeka. Asubuhi yake nilikwenda makaburini. Nikamwambia baba kwamba mwenyewe alirudi, kama alivyosema, na kwamba tulimrudishia mali yake bila ukucha kupungua. Nililia, na yalikuwa machozi mazuri.

Basi turudi sokoni, kwenye ile Jumatatu. Binti yangu aliufungua ukurasa wa mnada, uliandikwa kwa Kiingereza, akaanza kunitafsiria kwenye simu kipande kwa kipande. Wenye mnada ule wanapenda historia. Gari bila historia halina bei. Wakaandika kila kitu. Mwenye gari wa kwanza ni mfanyabiashara wa Kasongo. Wakati wa kukimbia alimpa gari dereva wake kwa barua, kama zawadi. Mjukuu wa dereva, mrithi pekee, alimuuzia gari mpenzi mmoja wa magari ya zamani, ambaye sasa analipeleka mnadani. Viti vya ngozi vimehifadhika vizuri ajabu, inaonekana vilipakwa mafuta yasiyojulikana.

"Rudia," nikamwambia. "Dereva alipewa nini?"

"Alipewa gari, mama. Barua iko hapa. Wameipiga picha."

Akanitumia. Barua ilikuwa ya Kifaransa, na kwa Kifaransa sikuhitaji mtu. Niliikuza kwa vidole viwili nikaisoma, nimesimama katikati ya magunia. Ilikuwa fupi. Mzungu anasema anampa dereva wake gari lake, liwe mali yake na ya watoto wake baada yake, alitumie au aliuze kama apendavyo, kwa kuwa amemtumikia kwa uaminifu na yeye hana njia nyingine ya kumshukuru. Sahihi, na muhuri wa duka.

Niliisoma mara tatu. Mteja wangu akasema, "Mama, pima basi." Nikampimia, sijui nilimpimia kiasi gani, hakurudi kulalamika.

Halikuwa amana. Lilikuwa letu tangu asubuhi ile babu alipofumba kiganja juu ya ufunguo. Tumelipangusa gari letu wenyewe zaidi ya miaka hamsini tukimngoja mwenyewe, na mwenyewe ndiye alikuwa ameshika kitambaa. Babu na baba sikuwakasirikia. Walikosea kwa uaminifu, na kosa la namna hiyo naweza kulibeba.

Lakini chini ya barua kulikuwa na karatasi ya pili, ya kuuza, na sahihi ya mdogo wangu ilikuwa pale, na mkia wake mrefu wa mkuu wa shule. Mrithi pekee. Maana yake mimi sikuzaliwa. Maana yake mjukuu wa mzungu hakuwa mjukuu wa mtu yeyote, alikuwa mnunuzi, nami nilimpikia kuku wawili na kumwitia mashahidi wa msikiti waje kubariki wizi. Aya ile aliyoisoma kwa kutetemeka, kumbe alikuwa anatetemeka kwa sababu nyingine. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo hiyo niliifua.

Bei waliyotarajia sitaiandika hapa. Si kwamba haikuniuma. Lakini kulikuwa na kitu kidogo kwenye karatasi ile kilichoniuma zaidi ya bei: tarehe. Ilisainiwa siku moja kabla ya karamu yangu. Siku moja kabla sijampa mzungu bahasha iliyofungwa. Mtu hauzi gari kwa nguvu ya barua ambayo hajui ina nini. Mdogo wangu alikuwa ameisoma kabla.

Kabla lini? Hilo tu ndilo nililotaka kujua. Kama aliisoma mwaka juzi, mzungu alipoanza kumzunguka, basi ni mwizi wa kawaida, na wezi wa kawaida kila ukoo unao, tunawanunia mwaka mmoja au miwili halafu Idi inatupatanisha. Lakini kama aliisoma zamani, kulikuwa na zamani moja ambayo sikutaka hata kuitaja moyoni.

Mnada ulikuwa Jumamosi. Binti yangu alitaka tuwaandikie, tuseme kwamba mrithi pekee ana dada. Nikamwambia ngoja kwanza nimuulize mjomba wako. Hakungoja, aliandika, na wakamjibu kwa adabu kwamba karatasi zote ziko sawa. Gari liliuzwa. Hilo nawaambia sasa ili msiendelee kulitazama.

Alhamisi nilipanda pikipiki kwenda Kabambare. Barabara mnaijua, na msioijua mshukuru. Mara tatu nilishuka nikatembea kwenye tope nimeshika viatu mkononi, dereva akisukuma na kumtukana waziri. Nililala njiani, Wamaza, kwa mwanamke mmoja anayeniuzia mpunga, na Ijumaa baada ya sala nikawa mlangoni kwa mdogo wangu. Nyumba ilikuwa na mabati mapya, yanang'aa hata yanaumiza macho. Pikipiki mpya barazani. Sikuuliza.

Alifurahi kuniona, na ilikuwa furaha ya kweli, hilo ndilo lililonichanganya. Mkewe alileta maji ya kunawa, halafu bukari na kuku, akatuacha. Niliweka simu juu ya mkeka kati yetu, picha ya barua ikiwa wazi. Aliitazama. Hakukana.

"Uliisoma lini?" nikamuuliza.

"Dada, kula kwanza."

"Uliisoma lini?"

"Zamani."

"Baba alikuwa angali muzima?"

"Alikuwa."

"Mimi nilikuwa nimeshaolewa?"

Akatazama mabati yake. "Bado," akasema.

Akaanza kueleza, polepole, bila kuniangalia. Ilikuwa mwaka wake wa kwanza wa sekondari. Alikuwa amejifunza Kifaransa miezi michache na alitaka kujua kama anaweza kusoma barua ya kweli, iliyoandikwa na mzungu wa kweli. Baba na mama walikuwa shambani, mimi nilikuwa shuleni. Akaifungua bahasha kwa mvuke wa sufuria ya maharagi, akaisoma kwa msaada wa kamusi yangu mwenyewe, akaifunga tena kwa uji wa muhogo. Hapo nikayakumbuka yale matundu ya mende. Mende hawali gundi ya dukani, wanakula muhogo.

"Kwa nini haukusema?"

"Niliogopa baba. Ningesema nimefungua amana? Angeniua, dada. Unamujua baba. Nilikuwa na miaka kumi na ine."

"Ulifungua mwezi gani?"

Alijua ninakokwenda. Akaisogeza sahani ya kuku mbele yangu.

"Siku ile ya minervali," nikasema, "siku baba alisema gari haiko yetu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa umeikala pale pale, kwa mukeka."

"Nilikuwa pale."

Nilimtazama yule mtu mzima mwenye mvi, na nilimwona mtoto aliyeketi kwenye mkeka na neno moja mdomoni. Neno moja. Fimbo ingemwangukia, ndiyo, angelia, mgongo ungevimba wiki nzima. Halafu baba angeuza gari na sote wawili tungesoma. Nilimwambia hivyo. Akasema anajua, kwamba alikuwa akingojea siku nzuri ya kulisema, na siku ile haikuja, halafu mimi nikaolewa, na kila mwaka likawa zito zaidi, mpaka likawa jambo lisilosemeka. Kisha, baada ya baba kufa, akaona bora liuzwe liondoke machoni.

"Baba alikufa na heshima yake," akasema. "Angejua ni ya kwetu, angekufa na uchungu juu yako. Mimi nilimuachia heshima."

"Ile heshima nililipia mimi," nikamwambia. "Wewe haukumuachia kitu. Wewe ulisoma."

Aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka aliponishika kwenye kitenge, kama alivyokuwa akinishika zamani nikitaka kwenda kisimani bila yeye.

"Lakini dada," akasema, "siku ile nilikupa samaki yangu. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Jioni ile ile, baba alipomaliza kusema, mama aligawa samaki, na kila mtu akapata kipande chake. Mdogo wangu alikuwa mlafi, mtoto wa kugombania hata kichwa. Lakini jioni ile alikichukua kipande chake kizima akakiweka kwenye sahani yangu, bila kusema kitu, akala bukari tupu. Hilo sikulisahau kamwe. Niliwasimulia wanangu wote. Nililisema siku ya harusi yake mbele za watu, wakapiga vigelegele. Kila mara jirani aliposema huyu ndugu yako haji, haulizi, hatumi hata salamu, nilijibu kwamba aliyenipa samaki yake siku ile hawezi kuwa mtu mbaya, kwa kuwa katika nyumba yote yeye peke yake ndiye aliyeelewa ninanyang'anywa nini.

Na ni kweli, alielewa. Alielewa kuliko baba, kuliko mama, kuliko mimi mwenyewe niliyekuwa nalia. Na mimi kile kipande nilikila chote, nikamshukuru.